Uso wa Bibi Bertilla

Jumatatu, 18 Agosti

Na picha hii nayo imetoka kidole changu tu. Ulezi hauonekani. Nikarudia, upepo ukanipulizia unga usoni, nikapiga chafya, simu ikazama kwenye gunia. Agosti ya Sumbawanga hii!

Baba mdogo Gaudensi kapita asubuhi. Kasema magunia ya ulezi ya bibi yakifika Jumapili hayajauzwa, mimi naenda Mtowisa kuchunga ng'ombe zake. Lile joto! Halafu kuna ng'ombe mmoja wa pembe moja, ananikumbuka.

Tusekile, dada wa Mbeya anayeuza unga mbele yetu sokoni, yeye hahangaiki. Kila asubuhi yuko laivu kwenye simu. Anapaka rangi ya mdomo, anakunywa uji, anafumba macho. Watu wanaagiza. Namwangalia kila siku. Uji wenyewe wa kawaida tu.

Jumanne, 19 Agosti

Nimeingia laivu. Wakaja watu wawili. Nikaogopa, nikabaki nawaangalia. Mmoja akaandika, kaka, mtandao umeganda? Nikatikisa kichwa kukataa. Mwingine akaandika, siyo mtandao, ni yeye.

Tusekile alikuwa anaona yote. Kanifuata, hata hakucheka sana. Kasema, "Timoth mdogo wangu, watu wananunua uso kwanza, unga baadaye. Weka uso."

Uso wangu naujua. Hauuzi. Ila wa bibi je? Nani Sumbawanga hii hajanywa uji wa Bibi Bertilla?

Jumatano, 20 Agosti

Akili imefunguka! Bibi yuko Laela kwa shangazi tangu juzi, na simu hana, sikuweza kumuuliza. Lakini picha ninayo, ile ya kipaimara, kajifunga kitambaa cheupe. Nikaitoa rangi, iwe ya heshima. Nikazungushia maua. Simu ina mshumaa wa bure unaowaka wenyewe, nikauweka pembeni. Makampuni makubwa huwa yanaandika miaka. Nikaandika: Bibi Bertilla, 1947 – 2025. Mwanzo ni bibi, mwisho ni mavuno ya mwaka huu. Chini yake: Ladha ya uji wake hatutaisahau.

Nikaweka stetasi, nikatuma na kwenye grupu la jumuiya. Bando likakata hapohapo. Safi. Kazi imeisha.

Alhamisi, 21 Agosti

Siku ngumu.

Asubuhi mzee Yusto wa jirani kaingia uani na kuni begani. Nikampa shikamoo, akanishika mkono, hauachii. Kasema nijikaze. Nikamwambia najikaza, ila soko gumu. Akauliza bibi siku ile ya kuondoka alikula? Nikasema alikula sana, akaongeza na ugali mwingine. Mzee akatikisa kichwa, eti ndivyo wanavyofanyaga.

Nikaona huyu kazeeka. Mara wakaja vijana na turubai. Mara mama Josefina, mwenyekiti wa jumuiya, na akina mama wenye masufuria, wanaimba. Baba mdogo kaingia analia, kiatu kimoja cheusi kimoja cha kahawia. Sijawahi kumwona analia. Akanikumbatia. Kanikumbatia mimi!

Mama Josefina akanionyesha simu yake. Mshumaa unawaka. Ndiyo nikaelewa.

Nikataka kusema. Watu wote wale! Nikaenda kupasua kuni.

Mchana bibi kashuka kwenye bodaboda na kikapu chake. Akauliza nani kafa. Sufuria la mtu likaanguka. Bibi akatuangalia mmoja mmoja, akaiona picha, akaniona na shoka. Halafu akasema, "Josefina, tangu Pasaka hujakanyaga hapa. Mpaka nife?"

Mama Josefina akamwangukia, analia na kucheka. Nikasubiri bakora. Bibi kaona watu wanatetemeka na upepo, kasema kwake hatoki mtu na njaa. Magunia yakafunguliwa. Uji ukapikwa mpaka jioni. Wakanywa, wakasifia, wakaomba tena.

Ijumaa, 22 Agosti

Magunia matupu. Hakuna aliyenunua hata kikombe.

Bibi hana hasira. Kasema watu wengi hawapati kuwaona watakaokuja kuwalilia, yeye kawaona, na wasiokuja kawaona pia. Kanipa kiporo cha uji. Baba mdogo ndiyo ana hasira. Kulala kalala hapa, lakini kasema kuliwa siyo kuuzwa, Jumapili ni Mtowisa.

Tusekile kapita. Kasema tangu aanze laivu hajawahi kujaza uwanja hivyo. Leo hajapaka hata rangi ya mdomo, anawaza.

Na mimi nimewaza. Kosa langu nimeliona: bando lilikuwa dogo, na mzigo ulikuwa mdogo. Baba mdogo ana stoo nzima ya mchele kule Mtowisa. Huo ukinunuliwa wote, ng'ombe nitachungia nini?

Inabidi niache kuandika sasa. Baba mdogo kasinzia kwenye kiti pale uani, koti la suti mwilini, mdomo kaufunga, na jua linampiga vizuri. Akiamka tu, picha imeharibika. Mshumaa bado ninao.