Amri ya Kurudisha Ubovu

Ofisi ya Nyumba Tupu ya Jiji la Harkness, Ohio, ina furaha kuutangazia umma kwamba ukarabati wa nyumba namba 418, Mtaa wa Kossuth, unaendelea kwa mafanikio makubwa, na kwamba Mkurugenzi wetu, Bw. Gerald Hruska, anashiriki kwa mikono yake mwenyewe. Mimi ni Mkaguzi Mwandamizi wa Utupu. Nilikuwepo hatua zote, kwa hiyo naeleza.

Mnunuzi ni Bi Verlene Stokes, dereva wa basi mstaafu, anayeishi nyumba ya pili. Kwa miaka kumi na moja alikata nyasi za pale na kupambana na panya wa pale, ambao kisheria walikuwa panya wa jiji. Tulipoiuza, akainunua kwa dola mia tano ili aitengeneze na kuipangisha, maana pensheni yake ni ndogo. Hati ingebaki kwetu hadi ukarabati ukaguliwe.

Kosa lake lilikuwa haraka. Paa lilikuwa linavuja hadi ukutani kwake, akaliezeka upya. Akaweka na madirisha. Nilipofika na kamera kupiga picha za "Kabla", nikakuta "Baada".

"Mama, hii nyumba ni nzima," nikamwambia.

"Asante, mwanangu."

"Sikusifu. Kibali cha ukarabati hutolewa kwa nyumba mbovu. Hii haina ubovu wa kutosha."

Akanitazama kama abiria aliyepanda bila nauli.

"Kibali niliomba Februari. Mkasema nisubiri. Mvua nayo mliiambia isubiri?"

Mvua haimo kwenye kanuni. Wiki iliyofuata nikampelekea amri yenye saini ya Mkurugenzi: arudishe ubovu ndani ya siku thelathini, la sivyo nyumba inarudi jijini. Aliisoma amesimama, kisha akakaa kwenye ngazi. Akiba yake yote ilikuwa juu ya lile paa.

"Basi niandikieni ni ubovu wa kiasi gani," akasema mwishowe. "Mimi kuharibu sijui. Aje anayejua anionyeshe."

Ombi lilikuwa halali. Nikalipeleka juu.

Bw. Hruska alikuwa anagombea umeya, kwa hiyo akaja na watu wa televisheni. Akavua koti, akanikabidhi. Akaokota tofali, akavunja dirisha la sebuleni. Akarudi hatua mbili nyuma, akapima kwa macho, akavunja la pili.

"Kiwango cha jiji ndicho hiki," akaiambia kamera.

Bi Verlene alikuwa mlangoni, ameshika bahasha.

"Gerald," akasema taratibu, "hati ya nyumba imenifikia leo asubuhi kwa posta. Hayo madirisha ni yangu."

Mkurugenzi akanigeukia. "Nani kaituma?"

"Sisi, mheshimiwa. Idara ya Hati haiambiwi mambo ya Idara ya Utupu. Muundo huo wa ofisi uliupitisha wewe."

Bi Verlene akafungua kesi, na hakimu akautazama mkanda wa televisheni mara tatu. Ya tatu, nadhani, kwa raha zake tu. Akaifuta amri. Mkurugenzi akapewa saa mia mbili za kazi katika nyumba ile ile, chini ya usimamizi wa mwenye nyumba. Wapiga kura nao walikuwa wameutazama mkanda.

Jumanne nilipita kukagua. Bw. Hruska alikuwa juu ya ngazi, tai imeingia mfukoni mwa shati, anapaka gundi ya vioo. Bi Verlene alipitisha kidole gumba kwenye fremu yote, polepole, pembe kwa pembe.

"Kubomoa ulimaliza dakika moja," akamwambia.

"Ndiyo, mama."

"Hapa pana upenyo. Toa kioo, anza upya."

Akatoa, akaanza upya. Saa kumi na moja akashuka akijishika kiuno.

"Sasa naweza kwenda?"

"Nenda ukapumzike, baba," akasema Bi Verlene kwa upole kabisa. "Kesho tunazibua choo."