Wakili Jalada Anunua Nyumba

Wakili Jalada alimwona Bibi Miwani kabla Bibi Miwani hajaliona bango lake. Jalada alikuwa amesimama dirishani, juu ya duka la fundi cherehani, anapuliza chai. Akamwona kikongwe huyo mwenye miwani anatembea kando ya barabara huku anasoma vibao vya ofisi kimoja baada ya kingine, mkoba mwekundu ameubana kwapani. Mtu anayesoma vibao namna hiyo anatafuta wakili, na hamjui hata mmoja. Jalada aliweka kikombe chini akavaa koti.

Koti lenyewe, tuseme ukweli, lilikuwa la mteja wa fundi, aliyelileta libanwe kiuno kisha akapotea. Uwakili nao ulikuwa wa kuazima. Jalada aliwahi kufanya kazi katika ofisi ya mawakili wa kweli, akiwapikia chai na kuwabebea mafaili, na siku alipofukuzwa aliondoka na birika na maneno. Birika lilitoboka. Maneno yakaendelea kumlisha. Vile vitabu vinene vya kabatini alivinunua kwa kilo, na kile cha katikati, chenye mgongo wa dhahabu, kilihusu magonjwa ya kuku.

Mtaani walimbandika jina la Jalada kwa sababu kila aliyepanda ngazi zake, awe ananunua nyumba au anauza, kwanza alitakiwa kulipa ada ya kufungua jalada. Jalada likishafunguliwa lililala, na lilikuwa na usingizi mzito. Mteja akirudi kuuliza, aliambiwa kwamba mambo ya ardhi hayataki pupa.

"Shikamoo, bibi. Karibu, kiti hicho."

"Marahaba, baba. Natafuta wakili wa kunisimamia niuze nyumba. Nimeshauriwa nichague wa hapa hapa mtaani."

"Aliyekushauri anakupenda," Jalada alisema, akakaa taratibu kama mtu mwenye mambo mengi kichwani. "Wakili wa mjini utamwona siku ya kumlipa, basi. Ukipiga simu anapokea karani, na karani hajui nyumba yako iko upande gani wa dunia. Mimi ukishikwa na wasiwasi, fungua dirisha lako uniite."

"Na nitajuaje kama wewe ni mzuri?"

"Hapo ndipo penyewe! Mimi huwaambia wateja wangu wote: wakili muulizie kwa majirani, na nyumba iulizie kwa majirani. Nenda kaulize, bibi. Nakusubiri."

Alikuwa akiwaambia hivyo wote, kwa sauti ya mtu asiye na la kuficha, na hakuna aliyewahi kwenda. Mtu ukimruhusu akakuchunguze huona haya kukuchunguza. Ushauri wenyewe ulikuwa mzuri. Aliusikia kwa mawakili wa kweli akiwa ameshika sinia la vikombe, na ndio jambo pekee la kweli lililokuwemo katika ofisi ile.

Bibi naye hakwenda. Alisukuma miwani juu ya pua. "Faili langu utalishika mwenyewe, au utampa mtu?"

"Kwa mikono yangu hii. Wewe lipa tu ada ya kufungua jalada."

"Na hiyo ada unayonitajia ndiyo yote, au yatazuka mengine njiani?"

"Ndiyo yote," Jalada alisema, huku akifikiria yatakayozuka.

Angemtazama usoni vizuri, hadithi hii isingekuwepo. Bibi huyu aliwahi kukaa kwenye kiti hicho hicho, akalipia jalada, likalala, na nyumba aliyotaka kuinunua ikachukuliwa na mwingine. Lakini Jalada hakuwa na kumbukumbu ya nyuso za wateja. Alikumbuka mikoba, na huu mwekundu ulikuwa mpya.

"Nyumba ni ile ya mwisho kwenye kichochoro, yenye geti la buluu," bibi alisema. "Nataka nikaishi na mwanangu. Bei si kitu, mradi iishe upesi. Na majirani wasijue. Watu wana macho, baba."

Akataja bei. Jalada alimeza chai ambayo haikuwemo mdomoni.

Hapa inabidi tumsemee kidogo. Asubuhi ile ile mkewe, msusi mwenye saluni ndogo karibu na soko, alikuwa amemwambia maneno machache huku anafunga kilemba: "Kila mwaka unaniambia mwaka huu nitalala kwangu. Safari hii nyumba isipopatikana narudi kwa kaka yangu. Na kitanda naondoka nacho, nilikinunua mimi." Jalada, pamoja na ujanja wake wote, alimpenda mwanamke huyo hadi akili zikamhama. Jela aliiogopa kiasi. Kulala peke yake sakafuni kulimtia hofu ya kweli.

Ndipo akapata wazo lililomfanya ajionee fahari. Ataisimamia nyumba kama wakili wa muuzaji, na atainunua mwenyewe kwa mlango wa nyuma. Akazua mnunuzi papo hapo, bwana mmoja mwenye shughuli nyingi anayeishi ng'ambo, kisha wiki nzima akawa analeta salamu za bwana huyo.

"Bwana anasikitika, bibi. Amesikia barabara mpya itapita pale sebuleni."

"Sebuleni kwangu? Barabara ina ugomvi gani na mimi?"

"Ndiyo serikali hiyo. Lakini nimembembeleza. Ukipunguza kidogo, atajikaza."

Bibi alilia, akavua miwani, akaifuta. Jalada alimpa kitambaa, naye akaguswa kweli na wema wake mwenyewe. Bei ikashuka.

Sasa ikaja kazi ya upekuzi, yaani wakili kwenda ofisi ya ardhi kuhakikisha kwamba nyumba ni ya huyo anayeiuza na haina deni wala mgogoro. Jalada aliwatoza wateja wote ada ya upekuzi na hakuwahi kwenda hata siku moja, kwani ofisi ya ardhi ilijaa mawakili waliomjua kwa chai. Kwa hiyo alifanya kama kawaida. Alimtoza bibi, akakaa mezani, akaandika kwa mwandiko wa kulala kwamba amepekua na nyumba ni safi, akagonga muhuri mkubwa. Kisha akainua karatasi akaisoma. Iliandikwa vizuri mno. Muhuri ulikaa sawasawa. Akairudia, moyo wake ukatulia kabisa: nyumba ni safi. Wateja wake walikuwa na udhuru wa kuziamini karatasi zile, maana hawakumwona aliyeziandika. Yeye alimwona, na bado akaamini.

Siku ya kwenda kuitazama nyumba alivuta kofia hadi kwenye nyusi, madalali wasije wakanusa. Jirani mmoja aliyekuwa anafagia alimwinulia kichwa.

"Unamtafuta mwanasheria?"

"Umeshampata," Jalada alijibu, akapita kifua mbele. Sifa zake, kumbe, zilikuwa zimemtangulia hadi huku.

Nyumba ilikuwa na vyumba vitatu, jiko lenye dirisha, na kibaraza ambapo moyoni alikwisha kumkalisha mkewe na mteja wa kusukwa. Alisimama pale jikoni. Alifurahi hadi akataka kulia, akasingizia vumbi. Kesho yake akatoa fedha zote alizokuwa amezificha chini ya kabati la vitabu, jasho la majalada yote yaliyolala, na kwa kuwa hazikutosha akachukua na kopo la akiba la mkewe, akijiambia kwamba huko si kumwibia mke, ni kumshangaza. Bibi alisaini, akatia fedha kwenye mkoba mwekundu, akatoa ufunguo.

"Mungu akulipe sawasawa na kazi yako, baba," alisema.

"Amina," Jalada akaitikia.

Jumapili wakahama. Jalada alitangulia mbele ya mkokoteni uliobeba kitanda, koti limepigwa pasi. Mkewe alifuata nyuma, kasuka nywele upya, mtulivu kupita kiasi. Mume mwenye busara angeuogopa utulivu ule. Jalada aliona ni mapenzi.

Ufunguo haukuingia. Aliugeuza, akaupuliza, akausukuma kwa bega. Geti likafunguliwa kutoka ndani na mama mmoja mnene aliyevaa ndara, kalamu kaichomeka kwenye nywele.

"Karibuni. Nawasaidia nini?"

"Wewe ndiye wa kusaidiwa, mama," Jalada alisema kwa upole. "Hii nyumba tumeinunua."

"Kwa nani?"

"Kwa bibi mwenyewe. Mwenye miwani."

"Yule alikuwa mpangaji wangu. Amehama juzi." Mama akautazama mkokoteni, kitanda, kisha koti. "Nyumba ni yangu, na ofisi yangu iko upande wa pili. Mimi ni wakili, nashughulika na mauzo ya nyumba. Mtaa mzima unajua. Hamkumuuliza jirani yeyote?"

Jalada aliupuliza ufunguo tena.

"Upekuzi je, ulifanyika?"

"Ulifanyika," alisema kwa sauti ndogo.

"Na nani?"

"Na... wakili."

"Huyo ni tapeli. Nimechoka kusikia habari zake. Nieleze anafananaje, nimtafute."

Jalada alijikohoza. Tamaa ya kujisifu ilimshika hata pale. "Ni mrefu kiasi. Mtanashati. Msomi, ukimwangalia tu unajua..."

"Mfupi," mkewe alisema, akija mbele. "Andika mfupi, mheshimiwa. Ana kitambi. Kipara anakificha kwa kofia. Koti la kijivu si lake, limembana kwapani, na akisema uongo anashika kola. Kama hivyo anavyoishika sasa."

Jalada aliachia kola. Mwenye nyumba alimsogelea, akamtazama, uso ukafunguka.

"Ngoja kwanza. Wewe si ndiye uliyekuwa unatupikia chai?"

"Ndiye," alisema Jalada.

"Chai yako ilikuwa nzuri," mama alisema, na kwa namna fulani hilo lilimuuma kuliko yote. "Kesho asubuhi lile bango lako liwe chini. Likiwa bado juu, nakuja na polisi."

Jalada alimgeukia mkewe. "Ulijua?"

"Mume wangu, mimi nasuka. Mtu ukimshika kichwa tangu asubuhi hadi mchana anakuambia yote yaliyomo. Wateja wako wote wamelia mikononi mwangu, wa mwisho akiwa bibi, na hakuna aliyejua kuwa aliyemliza ni mume wangu. Mimi nilijua. Nilikuwa nawasuka bure kwa aibu, mpaka bibi nikamwambia ukweli." Sauti ilimtetemeka kidogo, akaimeza. "Bibi amechukua chake. Wengine amewapelekea chao, nilimwonyesha nyumba zao. Na mimi amenirudishia kopo langu."

Jalada aliketi ukingoni mwa mkokoteni. Alikuwa ametapeliwa kwa upekuzi wake, muhuri wake na amina yake. Hata hasira haikumjia, maana hakumwona wa kumkasirikia ila mmoja. Akainua macho.

"Sasa twende wapi na kitanda?"

Mkewe alitoa kopo kwenye kikapu, akamgeukia mwenye ndara.

"Mheshimiwa, samahani kwa Jumapili yako. Nanunua vyumba viwili nyuma ya soko, vya kulipa kidogo kidogo. Niliuliza majirani wakili gani wa hapa mtaani ni mwaminifu, wote wakanielekeza kwako."

"Vizuri. Kesho nitakwenda ofisi ya ardhi kwanza, kwa miguu yangu." Mama alichomoa kalamu kichwani. "Niandike jina lako peke yako, au na la mume?"

Msusi alimtazama mumewe pale kwenye mkokoteni, katika koti la watu, kofia mkononi na kipara kinang'aa juani. Alimtazama muda mrefu, na upande mmoja wa mdomo wake ukacheza.

"Jina langu peke yangu," alisema. "Huyu anaomba kupanga. Nitawauliza majirani kwanza."