Vinundu vya Unga

Jumatatu, 8 Septemba
Daktari kasema moyo umechoka. Wiki mbili, pengine tatu. Lazima nitubu. Miaka sita nimetamba kwamba lupini zangu, mimea ya jamii ya kunde, zimefufua shamba la juu, penye baridi inayoua hata magugu. Lupini huvuta nitrojeni hewani na kuirutubisha ardhi. Nimelifundisha hilo darasani miaka thelathini, na ni kweli tupu. Ila zangu hazikuvuta kitu. Nilizimwagia mbolea ya urea kwa siri.

Sasa binti yangu kaacha kazi benki ili apande viazi pale, bila mbolea, kwa neno langu. Kesho nitamwambia.

Jumanne, 9 Septemba
Sijamwambia. Alikuja kaka wa marehemu mke wangu, Profesa Klova. Uprofesa nimempa mimi. Ana cheti cha mafunzo ya kilimo ya wiki mbili na klova, majani ya malisho ya jamii ya kunde, zinazostawi hadi kwenye theluji. Kasema Alhamisi atang'oa lupini mbele ya binti yangu na kupasua vinundu vya mizizini. Vikiwa vyekundu ndani, vinafanya kazi. Zangu hazina hata kimoja. Zimeshiba urea, zimekuwa vivu. Nikacheka kwa dharau. Nikakohoa dakika kumi.

Jumatano, 10 Septemba
Mpango! Muuguzi wangu kanikandia unga wa ngano kwa maji ya bitiruti. Mazoezi ya vidole, nilimwambia. Nikafinyanga vinundu arobaini. Kanisukuma kwa kiti cha magurudumu hadi shambani, nikavibandika kwenye mizizi ya lupini moja nene na kuifukia. Akauliza kama dawa zinanichanganya. Nikakubali.

Alhamisi, 11 Septemba
Jalidi nyeupe kila mahali. Lupini niliyomwonyesha Profesa ilitoka na vinundu vigumu kama kokoto. Kisu hakipenyi. Akaileta jikoni, akaiweka karibu na jiko iyeyuke. Kumbe muuguzi, kwa wema wake, alitia hamira.

"Shemeji," kasema Profesa taratibu, "mizizi yako inaumuka."

Nikatubu yote.  Binti yangu akapiga simu kusitisha oda ya mbegu za viazi, akamwomba mjomba wake mbegu za klova na debe la udongo wake wenye bakteria wanaounda vinundu.

"Afadhali umesema kabla sijapanda, baba. Sasa shamba niachie mimi."

Nililia.

Jumamosi, 13 Septemba
Moyo mwepesi kama unyoya. Nimemwita fundi wa mawe ya kaburi. Achonge: Hapa amelala aliyefufua shamba la juu. Profesa, ambaye hakualikwa, kasema shamba bado limekufa, na kitakacholifufua ni klova.

Nimemwambia fundi aongeze: kwa klova.