Bomba Hilo Si Langu

Jumatatu, 3 Machi

Choo kimegoma! Asubuhi nimevuta maji, yakapanda badala ya kushuka. Nikayatazama. Yakaendelea kupanda. Mara kitundu cha sakafu ya bafu nacho kikaanza kutapika, maji meusi yenye mapovu.

Mke wangu kasema aitwe fundi bomba. Nimemwambia tuchunguze kwanza. Choo hakijizibi chenyewe. Nyumba hii ina watu watatu tu: mimi, yeye, na mama mkwe, ambaye alipasuliwa nyonga na sasa yuko kwetu wiki ya tatu, anatembea kwa magongo. Nikawauliza wote wawili, kwa upole kabisa, nani katumbukiza nini. Mke wangu kanikata jicho. Mama mkwe kasema ametumbukiza kile ambacho kila mtu hutumbukiza, na kama nataka maelezo zaidi yuko tayari kunipa.

Sikutaka.

Nimekuwa mtunza stoo wa shule kwa miaka ishirini na sita. Haikupotea hata chaki. Mtu anayeficha jambo namjua kwa kumtazama tu. Mama mkwe nimemtazama. Simwondoi kwenye orodha.

Jumanne, 4 Machi

Fundi kaja. Mrefu, mpole, ana viatu visafi. Fundi bomba mwenye viatu visafi! Nimeliweka hilo akilini.

Kafungua chemba ya maji taka iliyo nyuma ya jiko, kaingiza kamera kwenye waya mrefu kama nyoka, akaniita nitazame kwenye kioo chake. Nikaona bomba la udongo, la zamani, lenye nyufa. Mizizi imeota ndani kama ndevu. Mita ya tisa, bomba limebonyea kabisa. Fundi kasema kuzibua ni kupoteza muda, lote litolewe. Mita kumi na nne, kutoka ukutani, kupitia bustani ya mke wangu, chini ya uzio, mpaka bomba kuu la barabarani. Hapo katikati pote gharama ni juu ya mwenye nyumba.

Akataja bei. Nikakaa juu ya ndoo.

Akaniambia, "Si bei ya bomba hiyo, mzee. Bomba lenyewe ni rahisi. Unalipia shimo."

Shimo! Nilipie kitu ambacho akimaliza kazi atakifukia! Nitaonyesha watu nini?

Baadaye, nikiwa nimetulia, nikajiuliza swali ambalo mke wangu hajawahi kujiuliza. Nani kasema lile ni bomba langu? Bomba halina jina. Mtu kama yule anaweza kuwa na filamu moja tu, ya bomba bovu la mtu mwingine, anatembea nayo nyumba hadi nyumba. Kuna kitu kinanuka hapa, na si choo peke yake.

Jumatano, 5 Machi

Nina mpango. Mzuri mno. Sijamwambia mtu.

Nimechukua mfuniko wa kijani wa kopo la siagi. Nikautia sahihi yangu kwa wino usiofutika, ile sahihi ya stoo, yenye mkia. Nikautumbukiza kwenye chemba na kuusukuma kwa ndoo tatu za maji. Kisha nikampigia fundi aje na kamera yake tena. Mfuniko ukionekana, bomba ni langu. Usipoonekana, nimemkamata. Kaniambia kuja mara ya pili kuna malipo yake. Nimekubali. Ukweli una gharama.

Saa tisa alasiri. Kamera imeingia. Mita ya tano, hakuna kitu. Mita ya saba, hakuna. Nikaanza kutabasamu. Mita ya tisa, mfuniko! Umekaa wima katikati ya bomba, umeziba pale palipokuwa pamebaki upenyo, sahihi yangu ikitutazama.

Fundi kasogeza uso karibu na kioo. Halafu kauliza, kwa heshima, kama sahihi ile ni yangu. Nimemwambia inafanana.

Kwa hiyo bomba ni langu. Hilo limethibitika. Ila sasa hata yale maji machache yaliyokuwa yakipita hayapiti. Sinki la jikoni nalo limejaa. Mke wangu anaosha vyombo uani kwenye beseni.

Ijumaa, 7 Machi

Nimepata usingizi mzuri na wazo zuri. Mizizi! Mizizi ina mti, na mti una mwenyewe.

Jirani wa kushoto tunamwita Tabasamu, kwa sababu hutabasamu kila wakati, hata akiwa peke yake. Nimemchunguza kwa miaka minane na sijaona cha kuchekesha. Ana mti mkubwa karibu na uzio. Mizizi ni yake, bomba kaliharibu yeye, alipe yeye. Nikachukua kipande cha mzizi ambacho fundi alikivuta kwa ndoano, nikakitia kwenye mfuko wa nailoni, nikaenda.

Nilijiandaa kwa ugomvi. Kanikaribisha kiti. Kautazama mzizi, kaunusa, katabasamu. Kaniambia wa kwake ni mparachichi, mzizi wake haufanani na huu. Halafu kanishika mkono, tukatoka hadi upande wangu, akasimama chini ya ule mti wa kivuli niliopanda mwenyewe, karibu na chemba, ili yeye asituchungulie uani. Kachimbua kidogo kwa kidole cha mguu. Mzizi ule ule, rangi ile ile.

Nikakohoa. Nikasema mvua inaonekana iko karibu.

Hapo kaniambia amesikia habari za choo chetu, na kwamba mama mkwe asihangaike, atumie cha kwake. Mlango wa uani utakuwa wazi mchana kutwa.

Kwa nini uwe wazi? Anataka nini huyu mtu? Nimekaa mpaka jioni nikifikiria.

Jumatatu, 10 Machi

Mikono imechubuka, mgongo haukunjuki. Lakini fundi nimempiga chenga. Tumechimba wenyewe!

Yaani mimi na shemeji, kaka yake mke wangu. Shemeji aliwahi kujenga banda la kuku na tangu siku hiyo huzungumza kama mhandisi. Kaja Jumamosi na pimamaji lake, akapita bustanini akisema "mhm" kila baada ya hatua tatu. Fundi alikuwa amesema tuombe kibali kwanza. Shemeji kasema kibali ni mbinu ya kutafuna watu. Ndiyo maana nampenda shemeji.

Siku mbili tumechimba mtaro hadi kwenye uzio. Maua ya mke wangu tumeyaweka pembeni kwa uangalifu, na baadaye shemeji akayamwagia kifusi. Tukalaza bomba jipya la plastiki. Shemeji akiweka pimamaji, anatazama kipovu, anasema, "Shemeji, sawa!"

Leo asubuhi geti likagongwa. Mkaguzi wa maji taka! Mama mmoja mnene mwenye buti na daftari. Nani kamwita? Nikamtazama Tabasamu ng'ambo ya uzio. Alikuwa anatabasamu. Mnaona?

Mkaguzi hakubishana. Kaomba ndoo ya maji, kaimimina upande wa nyumba, kaenda kusimama upande wa barabara. Tukasubiri. Shemeji kasema maji yapo njiani. Tukasubiri tena. Maji yakatoka, lakini upande wa nyumba, yakamlowesha shemeji viatu.

Mkaguzi kamuuliza kipovu cha pimamaji kinaonyesha nini. Shemeji kajibu bila wasiwasi kwamba kinakimbilia kule maji yatakakokwenda.

Mama wa watu kafunga daftari. Kasema kipovu hukimbilia juu, mzee wangu. Juu. Tumejenga mteremko wa kurudisha kila kitu nyumbani. Kabandika karatasi nyekundu getini: KAZI IMESIMAMISHWA. Shemeji kakumbuka ana shughuli mahali.

Jumatano, 12 Machi

Leo sitaandika mpango wowote.

Mvua ilianza saa nne asubuhi. Nilikuwa dirishani nikichunguza uzio wa Tabasamu. Nikamwona mama mkwe anatoka, anakwenda kutumia choo cha watu. Tulikuwa tumeweka ubao juu ya mtaro ili apite. Mke wangu nyuma yake kamshika kiuno. Tabasamu mbele yake, ng'ambo, kamnyooshea mwavuli, yeye mwenyewe amelowa chapachapa.

Katikati ya ubao gongo moja likateleza, likatumbukia mtaroni. Mama mkwe akabaki amesimama kwa mguu mmoja, hathubutu kusogea mbele wala nyuma.

Sijui nilitokaje. Nilijikuta mtaroni, tope magotini, nimemshika miguu yote miwili. Sikujua kwamba ni mwepesi hivyo.

Tulipomfikisha ukumbini kwa Tabasamu, mama mkwe akanitazama. Hakunifokea. Kasema, "Mwanangu, nimezaa watoto saba. Nimezika mume. Nimepasuliwa mfupa. Katika nyumba yako sijaomba kitu. Leo naomba choo."

Nikasema, "Nisamehe, mama."

Jioni mke wangu kaniambia mambo matatu, huku anakunja nguo. La kwanza, kibali ameshakiomba na kimetoka. La pili, fundi anaanza kazi kesho kutwa, na yeye atamlipa kwa akiba yake ya ushonaji. La tatu, aliyemwita mkaguzi ni yeye.

Yeye! Ndani ya nyumba yangu! Na mimi kutwa namchunguza Tabasamu!

Nilitaka kusema kitu. Nikatazama mikono yake inavyokunja nguo. Nikavuta shuka moja, nikakunja nami.

Jumatatu, 17 Machi

Kazi imekwisha. Fundi na wenzake wawili walianza Ijumaa. Waling'oa bomba letu, wakachimba upya, wakapita chini ya uzio hadi barabarani. Wakatandaza mchanga chini, wakalaza bomba, kila mita moja linashuka sentimita mbili. Wamejenga chemba mpya yenye mfuniko wa chuma. Mti wangu wa kivuli umekatwa. Tabasamu sasa anatuona vizuri. Anatupungia mkono.

Mimi nilisimamia kazi nikiwa kwenye kiti. Fundi alinisogezea kiti kivulini. Kwa wema, au nisione vizuri? Nimeuliza tu.

Mkaguzi karudi. Wameziba upande wa barabara, wakajaza bomba maji, wakasubiri nusu saa. Maji hayakushuka hata unywele. Kasaini. Wakafukia.

Mama mkwe ndiye aliyefungua rasmi. Kavuta maji mara tatu bila sababu yoyote, anasikiliza tu. Akatoka na magongo yake, akasema tangu watoe nyuzi za mshono hajasikia kitu kizuri kama hicho. Mke wangu akacheka. Siku kumi na nne sijamsikia akicheka. Nikaenda uani kidogo, moshi wa jiko uliniingia machoni. Jiko lilikuwa halijawashwa, lakini nimeandika kama nilivyosema.

Jumamosi, 22 Machi

Siku ya tano. Choo kinafanya kazi vizuri.

Vizuri mno.

Nimekuwa nikitafakari. Fundi katupa karatasi ya dhamana ya miaka kumi. Mwenye bidhaa ya kweli hahitaji kuahidi miaka kumi. Na kwa nini walifukia haraka vile? Mkaguzi kasaini saa sita, saa nane hapakuwa na shimo! Mimi bomba nimeliona kutoka kwenye kiti tu. Je, kama juu wameonyesha nene, chini wakaweka jembamba? Nimekaa stoo. Najua katoni zinavyopangwa, nzuri mbele, mbovu nyuma.

Mke wangu kampeleka mama yake kliniki. Watarudi saa saba. Nafasi kama hii haiji mara mbili. Nitachimba kidogo tu, kando ya chemba mpya, nipime unene kwa rula, nifukie. Hakuna atakayejua.

Saa nne. Udongo wameushindilia kama wanaficha dhahabu. Jembe haliingii. Nimeazima mtaimbo kwa Tabasamu. Hakuuliza wa nini. Inatia shaka.

Saa tano. Nimelifikia bomba. Nimelifikia kwa mtaimbo, kwa nguvu kiasi. Limetoa mlio.

Saa tano na robo. Shimoni kuna maji. Ya mvua, nadhani. Ila mvua haina harufu hii.

Saa tano na nusu. Nimefuta tope kwa kitambaa na kulikagua bomba kwa makini. Lina ufa! Wa urefu wa kiganja! Bomba la siku tano!

Nilijua. Tangu nilipoona vile viatu, nilijua yule mtu ni mwizi. Sifukii kitu. Nimekaa hapa kando ya shimo na ushahidi wangu, nawasubiri warudi wajionee wenyewe.