Mshale Uliposhuka Mbele ya Mama Mkwe

Jamani, leo sina pa kuuweka uso wangu. Na nimekasirika, msidhani naandika huku natabasamu.

Mnakijua kile kipima-tetemeko changu. Sanduku la mbao, ndani kuna uzito unaoning'inia kwenye springi ya mizani mbovu, na sumaku niliyoing'oa kwenye spika ya redio. Ardhi ikipanda au ikishuka, hata polepole namna gani, mshale wa mita unacheza. Nimekiunda mwenyewe. Kinakaa juu ya jiwe lililochomoza sakafuni, chumbani kwetu hapa Igogo. (Ndiyo, chumba kina jiwe. Mwenye nyumba alishindwa kulivunja, akalijengea humo humo.)

Basi mama mkwe kaja na meli kutoka Nansio. Hakuja kusalimia. Kaja kumchukua Neema wangu, ambaye hata kutembea hajaanza, akamlee yeye. Kisa? Kasikia kwamba huku mimi nalea nyaya.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nguo za mtoto ziko wapi?"

Hata maji hajanywa! Nikameza hasira. Nikapiga pasi nepi nilizozianua kwenye kamba, maana inzi hutaga humo, na funza wake huingia kwenye ngozi ya mtoto. Nikazipanga juu ya lile sanduku langu zingali za moto, aone kwamba kazi naijua. Kisha nikamketisha kitandani, pembeni ya Neema aliyelala, nikaanza kumwelimisha juu ya kipima-tetemeko.

"Mama, hiki si kitu cha mchezo. Siku ardhi ikitikisika, mimi ndiye wa kwanza kujua. Mjukuu wako atatoka humu salama."

"Mh. Na huo mshale mbona unatembea?"

Nikageuka. Mshale unashuka! Polepole, bila kusita, mpaka ukagota mwisho. Sijawahi kuuona hivyo.

"Tetemeko! Tokeni nje!"

Nikachomoka. Nikaruka karai la majirani wanaoponda kokoto, nikasimama katikati ya uwanja, nimekumbatia kwa nguvu zangu zote, nabembeleza: "Usiogope, mama yupo. Mama yupo."

Nilikuwa nimekumbatia sanduku.

Mama mkwe akatoka. Hakukimbia. Neema yuko begani kwake, bado amelala. Nyaya zinaburuzika nyuma yangu, nepi zimetapakaa mlangoni, na ardhi imetulia kama ilivyoumbwa. Ndipo akili ikanirudia: joto la nepi limelegeza springi, uzito ukashuka. Basi! Somo la kidato cha pili kabisa. (Nililifaulu. Msiniulize zaidi.)

Jirani mmoja, nyundo ikiwa bado hewani, akauliza, "Mama Neema, na hicho nacho kinanyonya?"

Walicheka mpaka wakaziacha kokoto.

Mama mkwe hakucheka. Alinitazama, akalitazama sanduku, akanitazama tena.

"Mtoto simchukui," akasema.

Nikaliweka sanduku chini. Nikafungua mdomo nishukuru.

"Nimeona wa kulelewa hapa mko wawili. Nahamia mimi."

Mizigo yake iliyobaki inakuja na meli ya kesho. Neema nimebaki naye, Mungu ashukuriwe. Lakini atakayethubutu kunicheka, namletea mama mkwe akae kwake.