Kanga Kumi na Sita wa Kisiwa cha Mawe

Jumatatu, 5 Mei 2025

Siku njema. Mlenda mzuri, jua la kiasi. Bupe amekuja na gari la mradi wa kurudisha kanga, kutoka Area D kule mjini. Ni mtaalamu wa wanyamapori, binti mdogo tu, ananiamkia shikamoo mzee na bado mimi ndiye ninayemwogopa. Ametangaza kwamba kisiwa chetu kidogo katikati ya bwawa la Hombolo sasa ni safi. Panya waliokuwa wakila mayai ya ndege wamekwisha. Mwaka mzima mitego haijanasa hata mmoja. Kanga wanarudi kwao, baada ya miaka thelathini!

Kanga wenyewe ni kumi na sita. Wanane nimewalea mimi, wana pete nyekundu mguuni. Wanane kawalea jirani yangu Gerson, pete za bluu. Ijumaa tunawaachia. Jumatatu ijayo Bupe atahesabu, na ambaye kanga wake wengi watakuwa bado kisiwani ndiye mlinzi mkuu. Barua yenye muhuri, shati la kijani, kofia! Nina miaka hamsini na minne na sijawahi kuwa mkuu wa chochote. Hata kanisani ni msaidizi wa mpanga viti. Naitaka ile kofia mpaka naumwa.

Masharti ni mawili. Hakuna kuwalisha, na mnyama wa kufugwa asikanyage kisiwani. Rahisi.

Jumanne, 6 Mei

Si rahisi. Gerson aliangulia mayai yake kwenye boksi lenye taa. Mimi yangu nilimwekea kuku wa mke wangu Ruthu ayaatamie, kama mtu yeyote mwenye akili. Sasa wanangu wanaamini kuku ndiye mama. Akienda jalalani, wapo. Akiingia jikoni, wapo. Kutoka kisiwani hadi kwangu ni maji ya hatua mia tatu, na kanga wanaruka. Watamfuata mama yao!

Ruthu anasema wajengewe banda la wavu hukohuko kisiwani, wakae humo wiki tatu wapazoee, ndipo wafunguliwe. Wiki tatu! Nikamwambia haya ni mambo ya kitaalamu. Chakula cha jioni kilichelewa sana.

Jumatano, 7 Mei

Wazo! Tena halivunji sharti lolote. Kuku haruhusiwi kisiwani, lakini hakuna aliyekataza sauti ya kuku! Asubuhi nzima nimemfuata yule kuku na simu, nikimrekodi akiita watoto. Gerson alisimama uani kwake akaniuliza kama namhoji kwa ajili ya taarifa ya habari. Acheke tu.

Nimeazima spika ya kwaya, ile ndogo ya kuchaji. Fundi simu ameniwekea sauti ya kuku kwenye kadi ya spika hiyo. Mwalimu wa kwaya nimemwambia ni kwa ajili ya sala za nyumbani. Mungu anaujua moyo wangu.

Ijumaa, 9 Mei

Nianzie pazuri. Spika niliificha kichakani mapema, nikaiwasha; rekodi inaanza na kimya cha dakika ishirini, kama nilivyopanga. Bupe akafungua matenga. Kuku akaanza kuita kutoka kichakani. Kanga wangu wote wanane wakageuka, wakakimbilia kwenye majani, wakatulia! Na wa Gerson nao wakaja. Maskini, hawajawahi kuitwa na mama. Wakajibanza pamoja na wangu. Nilifurahi mpaka machozi yakanilenga.

Kumbe kwenye kadi ile nyimbo za kwaya zilikuwa bado zimo. Kuku alipomaliza, zikafuata ngoma na sauti arobaini, kwa nguvu zote.

Kanga kumi na sita waliruka kwa pamoja. Hawakuzunguka wala kusitasita. Walivuka maji moja kwa moja hadi juu ya paa langu. Bupe alibaki anatafuta kwaya kwenye kisiwa kisicho na watu.

Jumamosi, 10 Mei

Gerson anadai nimemwibia kanga. Bupe hakasiriki, anaandika, na hilo ni baya zaidi. Tangu asubuhi nimewakimbiza na wavu juu ya paa. Nimepata manyoya matatu na mchubuko wa goti.

Saa saba Ruthu alimwita kuku wake jikoni. Kuku akaingia. Kanga wote kumi na sita wakashuka, wakaingia nyuma yake. Ruthu akafunga mlango. Halafu akamwandalia Bupe chai na kumweleza habari ya banda la wavu. Bupe aliacha kuandika. Akauliza nani amemfundisha. Ruthu akasema hakuna aliyemfundisha, mbuzi mgeni hufungiwa kwanza, ukimwachia siku ya kwanza anarudi kwa mwenyewe wa zamani.

Jumatatu, 12 Mei

Barua imekuja. Mlinzi mkuu ni Ruthu. Kofia imemkaa vizuri mno.

Nilisononeka mpaka mchana. Lakini mkuu huyu ana roho nzuri. Gerson amepewa kujenga banda kisiwani, amelimaliza leo hii, na kanga wote wamo ndani. Mimi ni mkaguzi wa mizigo! Kila mfuko unaopanda mtumbwi naufungua, kila soli ya kiatu naiosha, asipite panya wala mbegu. Nimepewa filimbi.

Jumatatu, 2 Juni

Leo banda limefunguliwa. Walitoka mmoja mmoja, wakachakura chini, wakapanda mawe. Hata mmoja hakuvuka maji. Jioni walilia kutoka kisiwani, mlio niliousikia mara ya mwisho nikiwa kijana. Ruthu alilia chini ya kofia yake. Mimi pia. Nimemwambia alikuwa sahihi, na nimeapa sitaleta ujanja wangu tena.

Alhamisi, 5 Juni

Ruthu anataka majani ya njia ya kisiwani yafyekwe, na mfyekaji ni mimi. Mgongo wangu huu!

Nimekwenda Kibaigwa nikarudi na sungura wawili. Watakula majani taratibu, bila kelele, hakuna atakayejua. Wamo kwenye boksi la vifaa vya kupelekwa kisiwani. Nimelikagua mwenyewe na halina kosa. Muuzaji ameniapia kwamba wote ni majike. Mmoja tumbo limeanza kujaa. Afya njema kabisa!