Prezida wa Wakanda Unga wa Ndosho

Jumatatu, 2 Juni
Nimechoka kubeba magunia ya unga. Mimi, Yuma, mwenye kichwa kama hiki! Katika bulanjeri ya Mama Léoncie tunakanda, tunachoma mikate, tunabeba, na tukiungua vidole tunapuliza. Nimefikiri sana. Tunahitaji sendika, chama cha kututetea sisi wafanyakazi. Sendika inahitaji prezida. Prezida habebi magunia. Kila kitu kiko wazi.

Jumanne, 3 Juni
Uchaguzi, nyuma ya tanuri. Jeanine, muuzaji wetu, naye alitaka uprezida. Alisema tuombe vitu viwili tu: glavu za tanuri na siku ya kupumzika kila wiki. Maskini! Mimi niliahidi hivyo pamoja na nyama kila Ijumaa, na kiti cha prezida chenye magurudumu. Nikashinda. Jeanine akasema, "Papa Yuma, tukiomba sana, patroni atafunga mulango. Na Cubaka iko pale na bulanjeri yake ng'ambo ya barabara, anangoja wateja wetu." Wivu tu.

Jumatano, 4 Juni
Mama Léoncie alikubali tuzungumze juu ya glavu. Siku ya kupumzika, atafikiri. Kiti? Alicheka mpaka akashika meza. Prezida hachekwi! Nikatangaza mgomo papo hapo. Jeanine alinuna, lakini akatoka nasi. Alisema tukigawanyika hatutapata hata glavu moja.

Alhamisi, 5 Juni
Mgomo mtamu! Tumeimba mlangoni tangu asubuhi. Ndani, Mama Léoncie amechoma mikate mwenyewe pamoja na dada zake. Moshi! Mikate imetoka kama mawe ya volkano. Ushindi! Wateja wote wakavuka barabara kwenda kwa Papa Cubaka.
Mchana njaa ikanishika. Nikazunguka nyuma kimyakimya, nikanunua mkate wa Cubaka. Mlaini sana, kusema kweli. Kugeuka, wagomaji wote wananitazama. Nilitaka kueleza. Mdomo ulikuwa umejaa.

Ijumaa, 6 Juni
Leo hatukuimba. Mama Léoncie aliketi mlangoni, mikono imefungwa vitambaa. Alisema kwa sauti ndogo kwamba wateja wasiporudi, atafunga kabisa. Niliogopa kweli. Nina watoto.
Jeanine akakaa karibu naye. "Mama, sasa umejua glavu ni za nini."
"Nimejua, mutoto wangu."
Wakakubaliana. Sisi tunapata glavu, na siku ya kupumzika kwa zamu. Yeye anapata mikate mapema zaidi, ya kupelekwa ikiwa ya moto hadi mtaa wa Mugunga kabla Cubaka hajaamka. Kiti hakikutajwa. Nilikohoa. Hakuna aliyegeuka.

Jumamosi, 7 Juni
Glavu zimefika, nyekundu! Mikate imeisha kabla jua halijawa kali. Mama Léoncie amecheka tena. Wenzangu wamempa Jeanine uprezida. Mimi wamenipa gunia.

Jumapili, 8 Juni
Zamu yangu ya kupumzika. Nimelala kama mbunge. Mchana wakaja wafanyakazi wa Cubaka. Nao wanataka sendika. Walimtafuta Jeanine. Niliwaambia yuko kanisani, lakini mtu mwenye uzoefu wamempata. Sasa mimi ni prezida wao!
Kesho wanagoma. Wateja wote watahamia kwetu, kwa hiyo Mama Léoncie atanishukuru. Wafanyakazi wa Cubaka watanibeba mabegani. Cubaka mwenyewe atapata nafasi ya kulala. Nimetafuta mtu anayeweza kukasirika. Simwoni.